Nimepona, na Bado Nameza Tembe

Mtu ambaye bado anameza dawa, anaweza kusimama mbele ya watu na kusema amepona? Swali hilo liliniondolea usingizi wiki nzima. Nikisema nimepona, nimewadanganya. Nikisema sijapona, nimewadanganya pia, na Mungu nimemdanganya juu yake. Mzee Nkonge, mzee wa kanisa letu hapa Mitunguu, alikuwa amenipa mpaka Jumapili. Alitaka ushuhuda, na alitaka nije nao bila tembe.

Lakini wacha nianze nilipokuwa mzima.

Naitwa Murithi. Nilipomaliza digrii ya takwimu nilirudi nyumbani kungoja kazi, kama wenzangu wengi. Mama hupeleka ndizi sokoni Gakoromone, mjini Meru, basi mimi nikaachiwa shamba: kuhamisha mabomba ya maji, kukata majani makavu, kubeba mikungu mpaka barabarani. Wasiwasi nimekuwa nao tangu utotoni. Mimi ni yule mtu anayerudi kuangalia kama mlango umefungwa, kisha anarudi tena kuangalia kama aliangalia vizuri. Mwili, hata hivyo, haukuwahi kunisumbua. Nilibeba mkungu begani nikiimba.

Ilianza na baridi. Mitunguu kuna joto. Adhuhuri hata kuku hulala chini ya migomba midomo wazi. Mimi nilivaa jaketi, na chini yake sweta. Mutwiri, binamu yangu tuliyefanya naye kazi shambani, hakuninyamazia.

"Buda, hiyo jaketi ni ya nini? Unangoja theluji ishuke kutoka mlimani?"

Nilicheka. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu kucheka kulichosha.

Usingizi ukafuata. Nililala nimekaa, nilisinzia nimesimama na jembe. Ngozi ilikauka ikawa inapukutika ninapovua soksi. Nywele zilibaki kwenye kitana, na ncha za nyusi zangu zikatoweka. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, macho madogo kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Nilikula kidogo lakini suruali zikanibana. Choo kilikataa kabisa. Nilikaa msalani hadi miguu ikafa ganzi, nikatoka na jasho na aibu bila chochote. Na niseme wazi kwa vijana wenzangu, hata hamu ya wasichana ilizimika.

Sauti nayo ikashuka. Mama alipiga simu kutoka sokoni, nikapokea.

"Nipe Murithi," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani? Nimesema nipe Murithi!"

Kilichoniogopesha zaidi kilikuwa kichwa. Mimi, ambaye huwaza mambo kumi kwa pamoja, sasa sikuweza kumaliza moja. Niliitwa kwa mahojiano ya kazi mjini Embu. Waliniuliza juu ya utafiti wangu wa chuoni, kazi niliyoiandika kwa mkono wangu, nikatafuta neno la kwanza nisilipate. Mmoja wao akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "Kijana, umekunywa kitu asubuhi hii?"

Huku nyumbani watu walikuwa wameshaamua. Digrii imemlemea. Amesoma mpaka kazi ya mikono inamchukiza. Mama alinitetea sokoni, ila jioni moja alifunga mlango wa jikoni akaniambia, "Murithi, niambie ukweli. Ni bangi?"

"Hapana, mama."

"Ni msichana?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Sikujua. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mvivu tu, mvivu aliyesoma, anayejua kuupa uvivu wake dalili.

Siku niliyoanguka nikiwa na mkungu begani, mama alinipeleka hospitali mjini Meru. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alishika kifundo cha mkono wangu, akasikiliza mapigo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akanipapasa shingo. Akagonga nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira; mguu ukaruka, kisha ukarudi taratibu kama mlango mzito. Akanituma nitolewe damu. Majibu yalipotoka aliyasoma, akaweka karatasi chini, akaniangalia.

"Murithi, wewe si mvivu."

Nililia. Sioni haya kusema nililia mbele ya mama na mbele ya daktari. Sikuwa nimemwambia neno hilo. Sijui alilisoma wapi usoni mwangu.

Akanieleza kwamba hapa kooni kuna tezi yenye umbo la kipepeo, na homoni yake ndiyo inayouambia mwili uende kasi gani. Yangu ilikuwa imeshambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, na sasa inafanya kazi kidogo mno.

"Itaamka?" nikauliza.

"Usiingoje. Homoni ambayo tezi haitengenezi tutakupa kwa tembe. Moja, kila asubuhi."

"Mpaka lini?"

"Kila asubuhi," akarudia.

Sasa sikieni kosa tulilofanya, maana najua nyumba nyingi za kwetu zingelifanya. Kwetu dawa haimezwi tumbo likiwa tupu. Mtu hula kwanza, dawa isije ikamkwaruza tumbo. Kwa hiyo kila alfajiri mama alichemsha chai, maziwa mengi ya ng'ombe wetu, akaniwekea na viazi vitamu, nami nikaimeza tembe kwa chai hiyo, kwa utiifu mkubwa. Majuma yakapita na jaketi halikutoka mwilini.

"Una uhakika hiyo si dawa ya ng'ombe?" Mutwiri akaniuliza.

Nikasoma simu mpaka nikajipa magonjwa mengine yote, ule wa kuua ukiwa wa kwanza. Mzee Nkonge alikuja na kikundi cha maombi, wakaniwekea mikono, wakaniombea kwa machozi. Niliwashukuru na bado nawashukuru. Wengine walikuwa wananiita mvivu. Wao walikuja kukaa nami.

Tuliporudi kwa daktari, damu ilisema ni yale yale. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Unaimeza na nini?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

Mama akajibu kabla yangu. "Daktari, mimi nimpe mtoto strungi isiyo na maziwa, kana kwamba hakuna ng'ombe nyumbani?"

Daktari akacheka mpaka akashika meza. "Mama, maziwa na chakula vinaizuia hii dawa isiingie vizuri kwenye damu. Ameze kwa maji matupu. Chai ingoje saa nzima."

"Saa nzima! Watu watasema namnyima chai."

"Watasema amepona."

Usidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Kwetu ukikataa kikombe cha chai umemkataa aliyeipika. Asubuhi ya kwanza mama alikiweka mbele yangu kwa mazoea, akasimama. Nilimeza tembe kwa maji, nikakitazama kikombe kikipoa.

"Chai yangu imekuwa sumu?"

"Ingoje kidogo, mama."

Chai ikatanda utando juu. Sikuigusa. Sijawahi kumkatalia mama kitu kwa muda mrefu hivyo. Baada ya siku chache akaanza kuchelewesha sufuria mwenyewe.

Kisha mwili ukarudi, kidogo kidogo. Choo kilikuwa cha kwanza. Siku niliyokwenda msalani bila vita niliimba huko huko ndani. Uso ukapungua. Jaketi nikalivua, Mutwiri akaivalisha sanamu ya kutishia ndege na kuipigia saluti. Siku moja nilijikuta tena nina wasiwasi juu ya mambo kumi kwa pamoja, nikafurahi kama mtu aliyekutana na rafiki.

Hapo ndipo Mzee Nkonge aliponisimamisha nje ya kanisa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kijana, tumeona. Jumapili utasimama utuambie Bwana amefanya nini. Lakini ushuhuda wa mtu mwenye tembe mfukoni ni nusu. Ziweke chini wiki hii, kwa imani, ndio useme."

Alisema kwa mapenzi, ndiyo maana ilikuwa vigumu. Mama alikuwa kando yangu, akatazama viatu vyake. Alimwogopa mzee, na aliuogopa ugonjwa.

Asubuhi iliyofuata nilitoka na tembe kiganjani, sijaimeza, nikaenda kufungua maji. Kazi ya shamba haingoji mtu afikiri. Nilizungusha koki, maji yakakimbia chini ya migomba, nami nikasimama nikiangalia. Mvua ya Mitunguu haitoshi ndizi, haijawahi kutosha. Sote hapa, Mzee Nkonge akiwemo, tunakula kwa sababu ya maji ya bomba, na kila Jumapili tunaleta ndizi hizo madhabahuni na kumshukuru Mungu kwa mavuno. Sijaona mtu akifunga koki ili aonyeshe imani yake.

Nimeze kwa maji hayo hayo? Hapana, ya bomba la shambani hayanyweki. Nilirudi jikoni, nikamimina maji safi, nikameza.

Jumapili nilisimama. Sauti ilikuwa yangu. Niliwaambia yote mliyosoma hapa, hata ya choo, akina mama wakaficha nyuso kwenye leso wakicheka. Niliwaambia: kijana wenu akianza kusinzia, kuvimba uso na kuvaa sweta juani, msimwite mvivu, mpelekeni apimwe damu. Akipewa tembe, ameze kwa maji, chai baadaye, na asiache kwa sababu amejisikia vizuri, maana anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mama, nikamshukuru daktari aliyeniambia mimi si mvivu. Kisha nikawaambia habari ya koki.

Mzee Nkonge akainuka, akatabasamu kuelekea watu.

"Ndugu yetu anamaanisha kwamba yuko njiani. Anaamini siku moja ataziacha."

Ningeweza kukaa. Mtu kama mimi hukaa, kisha huwaza mwaka mzima alichopaswa kusema. Mama aliniangalia, safari hii hakutazama viatu.

"Hapana, mzee," nikasema. "Kwa heshima yako, sikumaanisha hivyo. Nimepona. Na kesho asubuhi nitameza."

Ndipo nikakaa.