Mjukuu Aliyeitwa Mama

Nakumbuka Jumapili moja ya theluji, mwanangu, ujana ukiwa umeshaniaga lakini kiburi chake kimebaki. Nilikuwa nikitunza wazee katika nyumba moja mjini Saint Louis Park, huku ughaibuni. Mmoja wao alikuwa bibi Mwinuiti, wa wenyeji wa asili wa nchi ya barafu kaskazini ya Kanada, aliyeletwa huku na mjukuu wake wa kiume. Bibi alimwita mjukuu huyo "Mama". Kwao mtoto hupewa jina la marehemu, awe wa kike au wa kiume, na jamaa humwita kama walivyomwita marehemu.

Jambo hilo lilinipendeza, maana hata sisi twalijua. Kifungua mimba wangu ana jina la babu yake, nami humwita Baba.

Siku hiyo mjukuu alikuja na mpenzi wake, mwanamume mwenzake. Walitandaza katoni sakafuni, wakakata samaki mbichi aliyeganda, kama walavyo kwao, Bibi akanikaribisha. Nikasema nimeshiba.

"Umeshiba tangu lini?" akauliza. "Sasa hivi ulikuwa unalia njaa."

"Siwezi kula na hawa wawili, Bibi."

Hakupandisha sauti. "Wahubiri walitufundisha kuwaonea aibu watoto kama huyu, na wengine kwetu bado wanawaonea aibu. Mimi siwezi. Huyu ni mama yangu amerudi. Nimfukuze mama kwenye chakula?"

Kisha akamkatia yule mpenzi kipande cha tumboni, penye mafuta. "Kula, baba wa kambo." Wakacheka wote watatu.

Hapo, mwanangu, nikamkumbuka mtoto wangu. Kifungua mimba wangu naye alikuwa ameniambia kwamba anampenda mwanamume, nami nikamwambia asikanyage kwangu. Kumbe nilimfungia baba yangu mlango. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na bibi yule, mdomo wake umejaa samaki.

Nikaketi, nikala. Jioni nikampigia kijana wangu simu. "Baba, njoo nyumbani. Njoo na mwenzako."

Akasema atafikiria. Alifikiria mpaka theluji ya mwaka uliofuata, na sikumlaumu. Majuto ni mjukuu. Siku hizi huja, wote wawili, lakini mpaka leo kijana wangu havui koti kabla hajanitazama usoni.

Basi nakuusia: mtoto akikuambia ukweli wake, mpe kiti kwanza, maswali yatasubiri. Usimpe jina la umpendaye kisha ukamnyima mapenzi yaliyokuja na jina hilo. Mungu akujalie mlango mwepesi, sahani ya ziada, na uzee usio na mtu wa kumwomba radhi.