Rede na Soksi za Baba Mtu

Mume wangu alipohamia Njiro kwa mwanamke mwenye geti la umeme, binti yetu wa miaka sita aliacha kucheka. Kina mama wa jumuiya wakaja nyumbani kwangu Sakina kunifariji. Faraja yenyewe ilikuwa kujaza makochi yangu, kumaliza chai yangu na kuniuliza nilimkosea nini mwanaume wa watu.

Waliporudi mara ya pili walinikuta uani, kanga kiunoni, nacheza rede. Mpira nilikuwa nimeusokota kwa soksi za baba mtu, zile za ofisini alizosahau kabatini. Mdogo wangu na binti yangu walinirushia kutoka pande mbili. Mimi katikati nakwepa huku najaza mchanga kwenye chupa, kama tulivyocheza utotoni kule Olmotonyi.

"Mwanangu, mke wa mtu unarukaruka hivyo?" akauliza mwenyekiti wao.

"Shikamoo, mama. Huyo mtu mwenyewe yuko Njiro. Subirini kidogo, chupa imefika nusu."

"Tumekuja kukuombea."

"Niombeeni tu, ila hapo mmesimama njia ya mpira."

Hakuna aliyesogea. Binti yangu akarusha kwa nguvu zote, nikainama, soksi zikatua kifuani kwa mwenyekiti.

"Huyu mtoto hana adabu," akasema.

Mtoto alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka kamasi zinamtoka. Nilimwomba mama yule radhi, maana ni mtu mzima. Kisha nikaomba mpira.