Makofi ya Ekerenyo

Wasomaji, tangu juma lililopita naona aibu kukanyaga mji mdogo wa Ekerenyo. Mimi hutengeneza programu za simu na kompyuta. Nilipewa kazi ya kuijenga upya, kwenye laptopu yangu, programu ya kucheza sauti na video ili ifanye kazi ndani ya vifaa vidogo vya mkononi vya wakulima wa majani chai.

Katika ukumbi wa huko, mbele ya wakulima na bosi wangu, niliunganisha kwa waya kifaa kimoja na laptopu iliyokuwa mezani, nikabonyeza. Sauti ya Ekegusii, lugha ya wakulima hao, ikaanza kufundisha kuchuma chai. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bosi akanipa mkono. Nami, kichwa kikiwa kimevimba, nikaanza kueleza jinsi kazi hiyo ilivyowatoa jasho wenzangu wa ofisini, mimi nikaiweza.

Mama mmoja mkulima, Kemunto, akaomba kifaa akisikie vizuri. Nikachomoa waya, nikampa. Akakiweka sikioni, akatembea hadi mlangoni. Somo likaendelea kusikika kule mezani, kwenye laptopu.

Ndipo nikaelewa: programu yote nilikuwa nimeijenga kwa ajili ya laptopu, si kifaa.

“Kijana yangu,” akaniita Mama Kemunto, watu wote wakigeuka, “hii ni bubu. Inayoongea ni hiyo kubwa.”