Mwiko wa Siku ya Kurina

Nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kicheko kilikuwa kinanijia pale ambapo watoto wengine huanza kulia. Mwalimu akishika fimbo, nacheka. Jirani akiletewa taarifa ya msiba, najifunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, na watu wazima wanadhani nalia, wananionea huruma. Haikuwa dharau. Ilikuwa hofu, ila mimi mwenyewe sikujua hivyo wakati ule.

Tulikuwa tunaishi Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora: mimi, baba, na bibi aliyemzaa baba. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alilima mpunga na kurina asali, na bibi alikuwa na mwiko mmoja ambao hakukubali uvunjwe. Siku ya kurina, hakuna kucheka tangu mnapotoka mlangoni mpaka asali ituliwe uani. Mwiko huo aliupata kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi wa kubeba pembe kwenda pwani enzi za misafara. Nyuki wakisikia kicheko, alisema, wanajua wanaibiwa na mtu anayewadharau, na lazima wachukue mtu.

"Hata kutabasamu?" nilimuuliza.

"Tabasamu kwa ndani. Lakini wewe, Kalunde, ningekuwa baba yako nisingekupeleka kabisa."

Baba alinipeleka kwa sababu mwenzake wa kila mwaka alikuwa na homa. Tulitoka asubuhi na mapema, tukaingia porini kwa miguu. Mzinga wa gome ulikuwa juu ya mti mrefu. Baba akapanda na kienge cha nyasi kinachofuka moshi, mimi nikabaki chini nimejifunika kanga, nimeshika kamba ya kushushia ndoo.

Nyuki wakaanza kuvuma. Niliangalia chini, nikahesabu majani makavu ili nisiwaze chochote. Kisha nikafanya kosa la kuangalia juu. Nyuki alikuwa ameingia kwenye suruali ya baba, na baba, mtu mwenye heshima zake anayesoma masomo kanisani Jumapili, alikuwa anajipiga makofi ya makalio huku amekumbatia mti kwa mkono mmoja. Niliziba mdomo. Kicheko kikapitia puani, halafu kikafumuka chote.

Nilisikia kitu kikivunjika, nikadhani ni tawi. Baba alikuwa chini, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo hapana kiungo. Mzinga ulianguka pamoja naye na nyuki wakamfunika kichwa. Na mimi nilikuwa bado nacheka. Machozi yananitoka, mbavu zinaniuma, nacheka.

"Moshi," baba akasema. "Leta moshi, mama."

Niliokota kienge, nikakiwekea majani mabichi, nikakisogeza karibu na uso wake na kumtupia kanga yangu kichwani. Nyuki waliniuma mikono yote miwili. Walipopungua, macho ya baba yalikuwa yamevimba mpaka yamefumba. Akasema nikimbie, nimwite bibi, nimwambie Shija, kijana wa jirani, aje na pikipiki.

Nilimkuta bibi uani anapepeta mchele. Aliona sina kanga, aliona mikono yangu. Hakuuliza baba yuko wapi.

"Ulicheka?"

"Nilicheka, bibi."

Akaweka ungo chini taratibu. Akaingia ndani, akatoka na shuka jeupe. Shuka hilo lilikuwa linakaa chini kabisa ya sanduku lake, na sote tulijua kwamba ni la maziko yake mwenyewe. Tulipanda pikipiki watatu, Shija mbele, mimi katikati, bibi nyuma yangu. Njia nzima shuka lile lilikuwa limebanwa kati ya mgongo wangu na kifua chake.

Baba alikuwa amelala palepale, anapumua kwa kukoroma. Bibi akapiga magoti.

"Maganga."

Baba hakujibu. Bibi akamwita tena, kisha mara ya tatu, na mara hiyo sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. Akaanza kulikunjua shuka. Hapo midomo ya baba, iliyokuwa minene kama ya mtu mwingine, ikajongea.

"Mama, hilo ni la kwako. Mimi nipe blanketi."

Shija akageuka akaangalia pori. Bibi alibaki na shuka mkononi, na kwanza nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanamdondokea baba kifuani, porini, mzinga uko mbele yake, asali bado haijafika nyumbani. Shija naye akashindwa kujizuia. Mimi peke yangu sikucheka. Nilijibana mdomo kwa mikono miwili iliyovimba, nikisubiri nyuki warudi.

Hawakurudi. Bibi alilichana shuka vipande, wakaufunga mguu wa baba kwa gome la mzinga, akapelekwa hospitali. Alikaa huko wiki nyingi, akarudi anachechemea. Kila aliyekuja kumjulia hali, baba alimweleza jambo lilelile: tawi alilokanyaga lilikuwa bovu, limeliwa na wadudu, lingemwangusha yeyote. Bibi alimsikia akilisema, akakubali. Hakuniuliza tena kuhusu kicheko changu mpaka alipofariki.

Mwaka juzi nilikwenda kumtembelea baba. Sasa ni mzee, mimi nafundisha shule Urambo na nina watoto. Tulikuwa tunakunywa chai, nami nikamuuliza kama tawi lile lilikuwa bovu kweli.

Aliweka kikombe chini.

"Lilikuwa zima," akasema. "Nilisikia unacheka, nikaangalia chini. Mguu ukateleza."

"Mbona ulisema vile kwa watu wote?"

"Ulikuwa na miaka tisa, mama. Ungekaa na jambo hilo mpaka uzeeni."

Kwa hiyo bibi alisema kweli, ingawa nyuki hawakuwa na habari na kicheko changu. Nimefikiria sana tangu siku ile. Nadhani mwiko wake ulikuwa na maana nyepesi tu, kwamba mtu aliye juu ya mti asishtuliwe, na wazee waliuvika hofu ili watoto waushike. Ninachoshindwa kukipima ni hicho alichofanya baba, kuchechemea miaka yote na kulilaumu tawi. Nilitaka kumwomba radhi. Lakini nilijua asingeipokea, kwa sababu kuipokea kungekuwa kukubali kwamba nilikosa.