Verediana wa Josho na Somo la Kumkabili Mkubwa

Umepita hapo mara ngapi, msomaji, ukapandisha kioo cha gari kwa sababu ya vumbi la ng'ombe? Usijitetee. Mama uliyemkwepa anaitwa Verediana Basili, miaka 46, kibarua wa josho moja la kuogeshea mifugo huko Gendabi, wilayani Hanang.

Saa moja asubuhi anakoroga dawa. Foleni ikisubiri, anawafundisha wenye mifugo Kiingereza, chaki na ukuta. Alianza mwaka juzi na maelezo ya Kiingereza ya chupa za dawa, akisaidiwa na kamusi isiyo na jalada.

Leo ameandika: *stand up to*.

"Ina kazi mbili," anasema. "Katambuga, hivi viatu vyetu vya matairi, zina-stand up to miiba: zinaihimili. Na mtu ana-stand up to mtu: anamkabili aliyemzidi nguvu, harudi nyuma."

"Nikimfokea mke wangu je?" anauliza Gerald, mfugaji.

"Hapana. Ni kwa aliyekuzidi tu."

"Basi ni yeye anayenifanyia mimi!"

Josho zima linaangua kicheko.

Kinakatika ghafla. Hermani, mwenyekiti wa kamati ya josho, anapitisha ng'ombe themanini mbele ya foleni, kama alivyofanya Machi, na Novemba kabla yake. Ndiye pia anayesaini kibarua cha Verediana.

Verediana anaziba mlango wa josho. Lakini adabu kwanza.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Pisha."

"Nilikwama," ananisimulia baadaye. "Ukishamwamkia mtu hivyo, utamgombezaje?"

Hapo Bibi Agatha, miaka themanini, mbuzi watatu, anajikongoja hadi mbele ya mwenyekiti. Hermani hana ujanja.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

"Shikamoo, bibi!"

Bibi anatazama Mlima Hanang. Nani atampita mzee kabla hajaitikiwa, tena mbele ya watu mia? Shikamoo ya tano inatoka na jasho. Hermani anaamuru ng'ombe warudi nyuma ya foleni.

"Marahaba, mwanangu," anaitikia bibi. Anageuka. "Mwalimu, nimepata?"

"Umepata, bibi. Niliyefeli ni mimi."

Mchana inakuja barua ya kamati: kibarua cha Verediana kitajadiliwa Jumatatu.

"Nataka nibaki mpaka kila mfugaji ajisomee chupa yake mwenyewe," anasema. "Basi."

Mkutano ni wa hadhara, saa nne, kura za mikono. Wewe unayeogesha hata mbuzi mmoja pale, una kura. Weka gazeti chini, kamwamshe jirani yako, na saa tatu muwe mmeshakaa viti vya mbele.