Bipu Moja Asubuhi

Mwaka ule mama alipokuwa mahututi katika kambi ya wakimbizi Kigoma, mimi nilikuwa Buffalo, napanda treni ya chini ya ardhi kwenda kazini kila asubuhi. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyemwuguza. Vocha ya kunipigia Marekani hakuwa nayo, kwa hiyo alibipu, kama tulivyozoea sote. Tulikubaliana hivi: bipu moja, mama yu salama, bipu mbili, piga haraka, mama anataka kusema na wewe.

Stesheni ya mtaani kwetu iko chini sana. Simu yangu ya bei rahisi ilipoteza mtandao kabla sijafika katikati ya ngazi za umeme, na aliyebipu nikiwa humo chini hakuacha hata alama. Ndiyo maana nilisimama juu mlangoni, simu mkononi, watu wakinipita, treni zikiniacha, mpaka bipu iingie. Msimamizi wa kiwandani alinionya kwa kuchelewa, akanionya tena. Nilimchukia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; mama yake yeye alikaa mtaa wa pili.

Asubuhi moja bipu ilikawia. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi, nikaogopa kufukuzwa kazi, nikashuka. Ndani ya treni nilikuwa kama mwendawazimu, naitazama simu kila stesheni. Tulipotokea juu katikati ya mji, simu ililia kidogo ikakatika. Namba ya mdogo wangu. Nikasubiri ya pili hadi mlangoni pa kiwanda, haikuja. Basi nilimshukuru Mungu, nikafungia simu kabatini, nikapanga maboksi siku nzima moyo wangu kwatu.

Nilipotoka kazini akanipigia mwenyewe, kwa vocha ya kuazima.

"Dada, mbona hukupiga? Nilibipu mara mbili."

Ya kwanza ilinikuta chini. Nilielewa palepale. Nikamwambia ampe mama simu, niseme naye sasa hivi.

Akasema, "Tangu mchana alikuwa ameishika yeye, dada. Tukitaka kumlaza anakataa. Anasema, 'Msiichukue, huyo hachelewi kupiga.' Tumeitoa mkononi mwake alipokwisha kukata roho."

Mpaka leo sijamwambia mdogo wangu kwamba nilipata moja, nikafurahi.