Vitabu Badala ya Nguo za Matanga

Mwezi wa pili, mwaka wa 1951, mama yangu alikufa akijifungua, na mtoto aliyemzaa hakuishi. Tulikaa katika kijiji kimoja kando ya njia inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Mimi nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele.

Juzi mjukuu wangu aliniletea kitabu kipya. Nilipokifungua, harufu ya gundi na wino ikaniingia puani, nami nikakifunga upesi. Nimesikia watu wakisema wanaipenda harufu hiyo. Hata mimi naipenda, lakini kwangu hofu hutangulia, na kupenda hufuata nyuma polepole, kama mtu aliyechoka safari. Nitawaeleza kwa nini. Sikusoma sana, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoona.

Kwetu, mwanaume aliyefiwa na mke alikuwa "anakaa". Ndivyo tulivyosema. Baba alikaa kwenye mkeka nyuma ya mlango, kiunoni kamba ya gome la mti, nywele na ndevu zikimwotea ovyo. Alikula peke yake. Hakumpa mtu mkono wala hakwenda kutembelea mtu. Na zaidi ya yote hakutakiwa kucheka, mpaka siku ambayo wakwe zake wangekuja kumnyoa, kumkata ile kamba na kupokea nguo ambazo aliyefiwa huwalipa. Hapo ndipo msiba ungekwisha. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mama aliyekufa, na sisi sote tulipita karibu naye kwa kunyata.

Ni mwalimu wa kapela, kile kikanisa cha kijijini, aliyeanzisha jambo. Alikuja kumpa pole, akamwachia kitabu kidogo cha hadithi, kimechakaa, jalada limeliwa na mende. Baba alikuwa amesoma kwa mapadri Kasongo alipokuwa kijana, lakini tangu aoe hakushika karatasi. Mimi sikujua hata kwamba anaweza kusoma. Nilimwona akiweka kidole chini ya mstari, midomo ikitembea bila sauti, jasho likimtoka kama anayelima. Alisoma hivyo siku nyingi, ukurasa ule ule. Kisha kidole kikaanza kwenda mbio.

Asubuhi moja, shangazi yangu Feza na mimi tulikuwa nje tunachambua sombe, majani ya muhogo. Tukasikia kicheko ndani. Mtu alicheka hasa, kicheko cha tumboni. Shangazi aliacha majani yakaanguka, akaingia ndani mbio, na mimi nyuma yake.

"Kaka! Unacheka?"

"Ni huyu mtu wa kitabuni, Feza. Amefunga mbuzi wake kwa mamba, anafikiri ni gogo."

"Mamba akule mbuzi, akule na huyo mutu! Wewe uko na musiba. Wakwe wakisikia, tutasema nini?"

"Nasoma tu."

"Basi soma na mudomo ya kufunga."

Alijaribu. Lakini kitabu kilikuwa kimemshika, na kicheko kilimtoka tena, mara puani, mara kama kikohozi. Kijijini kuta zetu zilikuwa za miti na udongo, na udongo hauzuii kicheko. Siku chache baadaye nilikwenda mtoni kuchota maji, nikawakuta wanawake wameinama juu ya nguo zao. Hawakuniona.

"Baba Mwamini anacheka na nani mule ndani?"

"Anaongea pia. Mimi nimesikia. Iko sauti inaongea, inaongea, na hakuna wa kujibu."

"Mutu anacheka bibi yake hajaoza, wewe unafikiri ni nani alimuua?"

Mwamini ni mimi. Nilirudi nyumbani na kibuyu kitupu. Usiku ule, na siku nyingi zilizofuata, nililala nimemshika shangazi nguo. Sikuamini kwamba baba alimuua mama. Lakini sikuwa na hakika pia, na hiyo ndiyo hofu mbaya kuliko zote, ya kumwogopa mtu unayempenda kwa sababu tu hujui.

Ikafika kiangazi, wakati wa kuuza pamba. Pamba haikujua msiba. Kapita, msimamizi wa pamba, alipita nyumba kwa nyumba, na aliyekaa na asiyekaa wote walibeba mizigo yao sokoni. Shangazi alimwambia baba, nikisikia, kwamba akishauza aende moja kwa moja Kasongo kununua nguo za wakwe.

"Wanataka nguo nzuri, kaka. Hata bila kusikia hayo ya kucheka wangetaka nzuri. Ukikosa nguo watamchukua mutoto. Ndiyo sheria."

Mtoto aliyekuwepo ni mmoja, mimi.

Nilimngojea njiani. Alirudi jioni, amechoka, kitunga kichwani kimefunikwa na majani ya mgomba, na mimi nikafurahi kuona jinsi kilivyomlemea shingo. Nguo nyingi, nilifikiri. Alikitua mbele ya shangazi, akafunua majani, na ile harufu ikatoka.

Vilikuwa vitabu. Vitabu vya hadithi, kitabu cha nyimbo za kanisa, kitabu cha hesabu, cha kufuga sungura, cha magonjwa ya macho. Kulikuwa na kimoja cha Kifaransa ambacho baba mwenyewe hakuweza kukisoma. Vingine viwili vilifanana kabisa. Shangazi aliketi chini, mikono kichwani.

"Hivi viwili ni kitu kimoja?"

"Mchwa wakila kimoja, kitabaki kimoja."

"Na nguo?"

Chini kabisa ya kitunga kulikuwa na kitambaa kimoja cha maua, cha nyanya, mama yake mama. Basi.

"Niliingia kununua kitabu kimoja tu," baba alisema, akitazama miguu yake. "Nikafungua, nikaona kingine. Feza, nilikuwa nimesahau kwamba viko vingi hivi."

Siwezi kuwaficha kwamba siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Baba aliniweka karibu naye kwenye mkeka, mahali ambapo hata mbwa alikatazwa, akanisomea. Alisoma cha sungura kana kwamba ni habari ya wafalme. Nilijua sungura huzaa wakati gani na kwamba hapaswi kula nyasi zenye umande. Lakini sikio langu moja lilikuwa kwenye kitabu, lingine njiani. Kila kinga, yaani baiskeli, iliyopita ikilia cheni, kila kikohozi cha mgeni, nilidhani ndio wao, na nilimbana baba mkono mpaka aliacha kusoma kuniuliza nina nini. Sikumwambia. Nilidhani nikilitamka jambo, nitaliita.

Walikuja asubuhi, kutoka upande wa Lusangi, kwao mama. Mjomba Salumu, kaka mkubwa wa mama, alitangulia. Nyanya alifuata na wembe umefungwa ndani ya kitambaa. Mjomba alikataa kiti.

"Baba Mwamini, habari zako zimetufikia. Tunasikia uko na furaha."

"Sina furaha, shemeki."

"Unacheka bila furaha? Wewe ni fisi?" Hakuna aliyecheka. "Nguo ziko wapi?"

Baba alileta kitambaa cha maua, akampa nyanya kwa mikono miwili. Mjomba alingojea. Kisha baba akaleta kitunga. Hakudanganya. Angeweza kusema aliibiwa njiani, au pamba yake ilikataliwa kuwa chafu. Shangazi alikuwa amemfundisha uongo huo na mimi nilikuwa naujua kwa moyo. Baba alisema tu, "Nilinunua hivi."

Mjomba alichukua kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Mama yangu atavaa mabuku? Atajifunika karatasi mvua ikinyesha?"

Nyanya ndiye aliyemnyamazisha. "Ngoja, Salumu. Kile cha kuchekesha ni kipi? Nataka kusikia kilichomchekesha mutu mwanangu akiwa chini ya udongo."

Baba akasoma habari ya mbuzi na mamba. Alianza kwa kukwama, halafu sauti ikanyooka. Nilimtazama nyanya mdomoni. Hakucheka, ila alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Ulikuwa unajua kusoma hivi tangu zamani?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu alikusikia unasoma?"

Baba alifunga kitabu. "Hapana, mama. Pamba ilikuwa inanimaliza. Sikumsomea hata siku moja." Hapo akalia, mbele ya wakwe zake, kwa sauti, jinsi walivyongojea alie siku ya maziko na yeye hakuweza.

Nyanya aligeuza uso. Lakini mjomba alikuwa na watu wa kuwajibu kwao, na hakuweza kurudi mikono mitupu.

"Machozi hayavaliwi. Baba Mwamini, nachukua kitu kimoja. Kitunga hiki au mutoto huyu. Wewe chagua."

Na baba akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu. Nilisikia kuku wakipekua nyuma ya nyumba. Nilikiona kitunga, nikajiona mimi, na nikakumbuka jinsi alivyokibeba shingo ikiinama. Mkojo ulinitoka miguuni. Shangazi alifungua mdomo, nyanya akamwinulia mkono anyamaze.

"Chukua vitabu," baba alisema.

Miaka mingi nilibaki na kile kimya. Niliamini alikuwa anapima, na kwamba nilishinda kidogo tu. Sikumwuliza mpaka nikamzika. Halafu na mimi nikafiwa na mume, nikakaa, na siku moja shangazi, ambaye sasa alikuwa kikongwe, aliniuliza kama nataka chumvi, na nikashindwa kumjibu. Nilikuwa nasikia maneno yake kwa mbali, kama mtu aliyezama anavyosikia walio ukingoni. Nikajua hapo kwamba mtu wa msiba hapimi kitu. Anachelewa tu kufika. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Kusema nina hakika itakuwa uongo.

Nyanya alimnyoa palepale uani, kichwa na ndevu, akamkata kamba kiunoni. Alionekana mdogo, kama kijana wa shule. Mjomba aliketi kwenye kiti alichokikataa asubuhi, akatoa tumbaku yake. Akachukua kitabu cha juu kitungani, akachana ukurasa wa kwanza, akautia tumbaku, akauviringisha taratibu, akaulamba. Akatazama huku na huku akitafuta moto.

Baba aliinuka. Alikwenda jikoni mwenyewe, akarudi na kaa la moto kwenye kigae, akapiga goti mbele ya shemeji yake na kukishika kigae kwa mikono miwili mpaka karatasi ikawaka.